Watoto wa Ubatizo wa Kocha Teryo

Mazoezi yalikuwa yaanze saa kumi na moja alfajiri. Hilo Eleuterio Magbanua alilisema Jumatatu, akalirudia Jumanne, na Jumatano akaliandika kwa chaki kwenye ubao wa matangazo wa uwanja, kwa herufi kubwa, asije mtu akamwambia hakusikia. Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro robo, alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja wa San Telmo, filimbi shingoni, akimtazama mbwa aliyelala chini ya kikapu cha upande wa kanisani. Vijana walianza kutokea saa kumi na mbili, wawili wawili, wakipiga miayo, mmoja wao bado anatafuna mkate. Kila aliyempita alifanya jambo lilelile. Aliushika mkono wake wa kulia, akauinua, akaugusisha kwenye paji la uso, akasema, "Shikamoo, Ninong," kisha akaenda kukaa chini.

Sasa utamfokeaje mtu ambaye ndiyo kwanza ameuweka mkono wako kwenye paji la uso wake? Teryo, maana ndivyo mji mzima unavyomwita, aliinua filimbi, akaishusha. Kocha akichelewewa huwaka, watu wakaogopa, mambo yakaenda. Ninong hana ruhusa hiyo. Ninong ni baba yako wa ubatizo, alisimama na mshumaa kanisani wakati wewe unalia maji yasikuingie puani, na tangu siku ile kazi yake duniani ni kukuonea huruma mpaka mmoja wenu afe. Katika kikosi cha vijana kumi na watano, kumi na mmoja walikuwa watoto wake wa ubatizo, na alikuwa na wiki tano za kuwageuza wawe timu.

Wiki tano hizo hakujipangia yeye. San Telmo ilikuwa haijaifunga Barasan, mji jirani ng'ambo ya mto, kwa miaka tisa mfululizo, na kila mwaka kipigo kilikuja siku ya sikukuu ya mtakatifu wa mji, mbele ya wageni, nguruwe wakiwa bado kwenye moto. Meya Anselmo Catalbas alikuwa ameshachoka kuchekwa na meya mwenzake. Akamwita Teryo ofisini, akampa juisi ya maembe, akamwambia bila kuzunguka kwamba timu ni yake mpaka fainali ya mwezi wa Mei. Akishinda, ataendelea. Akishindwa, timu atapewa Nestor, shemeji yake Meya, ambaye ujuzi wake wote wa mpira wa kikapu aliupata akiwa amelala mbele ya televisheni.

Teryo alikubali papo hapo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na alitaka kitu kimoja tu kabla hajazeeka kabisa: aitwe kocha na awe kocha kweli, anasema neno na linafuatwa. Maisha yake yote watu walikuwa wamemwona kama urefu tu.

Urefu huo ulimwanza mapema. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa na futi sita na inchi tatu, na baba yake, mkata miwa, alikuwa amechoka kuulizwa na kila mpita njia huyu mtoto anakula nini. Mtu mmoja wa chuo kikuu huko Manila alimwona akicheza pekupeku kwenye uwanja wa shule, akampakia meli wiki ileile. Huko Manila Teryo akagundua kwamba warefu wako tele, na wengi wao wanajua kufunga. Yeye hakujua. Mpira ukimfika mikononi alitafuta upesi mtu wa kumpa, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.

Alichojua ni kusimama. Cheka ukitaka, lakini si wengi wanaokiweza. Alikuwa akimsoma mshambuliaji mabega na kiuno, akajua anapita wapi, akawahi pale kabla yake, akaikita miguu yake sakafuni na kungoja agongwe kifuani. Aliyegonga ndiye mwenye faulo, mpira unageuka, timu yake inashambulia. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha misimu kumi na miwili katika ligi ya kulipwa. Alivunjwa mbavu mbili, jino moja, na pua mara mbili. Makocha walimpenda kuliko nyota wao. Watazamaji hawakumjua. Mtangazaji mmoja wa redio alimtaja kwa jina la mchezaji mwingine misimu mitatu, na hakuna aliyepiga simu kumsahihisha.

Ila San Telmo walikuwa na televisheni, na wao walimjua. Kila Krismasi alipokuja nyumbani alikuta watu getini kwa mama yake, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo angelilipia uzeeni. Hakukataa. Kwetu mtu akiombwa awe baba wa ubatizo hakatai. Kukataa ni kumtakia mtoto mabaya, na ukikataa utanyooshewa kidole mpaka siku ya mazishi yako. Kwanza alikuja mwanafunzi mwenzake wa zamani. Akaja jirani. Akaja Porferio, fundi pikipiki, na mapacha wake wa kike. Akaja Anselmo Catalbas, wakati huo hajawa meya, ana mashine ya kukoboa mpunga tu, na mtoto wa kiume waliyemwita Jonvic. Mwanamke mmoja alimkamata sokoni, anachagua samaki, hata jina lake hakulijua, naye akakubali akiwa bado ameshika samaki. Mwaka ambao hakuweza kuja waliandika jina lake vivyo hivyo na kumsimamisha binamu yake kanisani badala yake. Krismasi moja mkewe Ludivina alihesabu waliojipanga mlangoni kungoja zawadi za baba yao wa ubatizo, akafika arobaini na watatu, akaingia ndani akafunga dirisha.

Na mtoto hakuja peke yake. Mzazi wake tangu siku hiyo ni kumpare wako. Ndugu wa damu unaweza kugombana naye ukamnunia mwaka mzima; kumpare hununiwi wala humnunii. Anaingia kwako bila kubisha, anakula ulichopika, na anachokuomba humwangalii usoni ukasema hapana. Teryo alijizungushia watu wa namna hiyo pande zote za mji, kwa hiari yake, akitabasamu.

Goti la kushoto lilipokwisha alibaki Manila miaka mitatu akiwa kocha msaidizi, yaani mtu wa kushika ubao na kunyamaza. Timu ikafungwa michezo saba, kocha mkuu akafukuzwa, na wasaidizi wake wote wakashushwa naye kwa lifti moja, masanduku mikononi. Teryo akarudi San Telmo, akafundisha michezo shule ya sekondari, akanenepa kidogo, akangoja. Alipoitwa na Meya alidhani amengoja vya kutosha.

Basi sasa mtazame. Wiki ya kwanza alimweka nje kijana mmoja aliyekuwa akicheka wakati wa maelezo. Jioni baba wa kijana akafika na sinia la tambi za kukaanga, akakaa, akasifia mapazia, akazungumzia mvua, na alipokuwa anaaga ndipo akasema kwamba mtoto analia chumbani na hataki kula, kumpare. Wiki ya pili mama mmoja alimfuata mpaka pembeni ya uwanja kumwomba mwanawe asikimbizwe sana maana ana kikohozi. Kijana mwenyewe, miaka ishirini na mbili, alikuwa nyuma ya jukwaa anavuta sigara. Wiki hiyohiyo akaletewa mikate mitatu ya mchele na nazi kutoka nyumba tatu, na kila mkate ulikuwa na ombi lake ndani. Teryo alikula, akashukuru, akapandwa na hasira usiku kucha.

Hao wangevumilika. Aliyemtoa roho ni Jonvic. Mtoto wa Meya alikuwa na miaka ishirini na kipaji ambacho Teryo hakuwahi kuwa nacho hata kwenye ndoto: pointi thelathini kwa mchezo, kulia, kushoto, hata akiwa amekipa kikapu mgongo. Lakini akishafunga, basi. Alisimama palepale kuutazama mpira ukishuka wavuni, akaangalia jukwaani nani ameona, akairekebisha bendi yake ya kichwani, na wakati huo mtu aliyepaswa kumkaba alikuwa ameshafika upande wa pili na kufunga bila hata kutoka jasho. Kukaba kwake kulikuwa ni kunyoosha mkono mmoja, kama mtu anayesimamisha gari.

Siku moja Teryo alisimamisha mazoezi, akamwuliza mbele ya wote kwa nini harudi.

"Ninong, nawafunga mbili, wananifunga mbili," Jonvic akasema kwa upole kabisa. "Tuko sawa."

"Sawa ni sare, Jonvic. Sikuletwa hapa kutafuta sare."

"Ninong umepaniki. Kunywa maji."

Vijana wakacheka, na si cheko la dharau, hilo ndilo lililomchoma zaidi. Walimpenda. Walimcheka kama unavyomcheka mjomba aliyepoteza miwani iko kichwani. Aliwaonyesha kukita miguu mara hamsini, akawaambia goti lipinde, kifua kiwe wazi, mikono juu, usisogee, na wao wakasogea. Mtu akiwajia mbio walimpisha njia kwa adabu. Kijana mmoja tu alisimama akagongwa, Rodel Himaya, muuza samaki, ambaye mama yake alihamia kutoka Mindanao juzijuzi na hivyo hakuwahi kubahatika kuwa mtoto wake wa ubatizo. Hajui kufunga hata akipewa ngazi.

Ludivina alimsikiliza mumewe akilalamika juu ya sahani ya samaki mkavu mpaka chakula kikapoa.

"Kwa nini huwaambii hapana?" akamwuliza.

"Nitamwambiaje mtu hapana, na mwanawe nimemsimamia kanisani?"

"Basi usimwambie mmoja mmoja. Waambie wote kwa mpigo, hapana moja, uone watapeleka wapi sinia."

Teryo akaona kwamba mwanamke huyu alipaswa kuwa kocha. Kesho yake akawakusanya vijana na wazazi waliokuwapo, akatangaza sheria moja: asiyerudi kukaba anakaa benchi, awe nani, mchezo uwe upi. Wote wakapiga makofi. Meya, aliyekuwa amepita kuangalia, alipiga makofi kuliko wote na kusema hiyo ndiyo nidhamu anayoitaka siku zote. Hakuna hata mmoja aliyedhani sheria hiyo inamhusu mwanawe.

Siku nne kabla ya fainali kamati ya sikukuu ikamtangaza mwamuzi. Alikuwa Porferio, fundi pikipiki, baba wa mapacha. Mwamuzi mwingine mwenye cheti alikuwa amevunjika kifundo cha mguu. Teryo alifunga safari mpaka kwa kamati kumpinga, na sidhani kama dunia imewahi kuona kocha mwingine anayeomba rafiki yake aondolewe. Kamati ikamshangaa, ikasema Barasan wenyewe hawakulalamika. Bila shaka hawakulalamika, walimjua Porferio. Akatoka hapo akamfuata gereji, akamkuta chini ya pikipiki.

"Kumpare, usiwe na wasiwasi," Porferio akasema kutoka huko chini. "Sitakupendelea hata chembe."

"Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi."

"Watu wa Barasan wanisengenye mimi? Wewe ni baba wa ubatizo wa wanangu. Nitakuwa makini mara mbili."

Na kweli akawa. Fainali ilipangwa saa tisa alasiri kwa sababu umeme wa mji hauaminiki, na uwanja ulikuwa umejaa mpaka watu wameketi juu ya ukuta, joto limejifungia chini ya mabati. Katika robo ya kwanza Porferio aliwapigia San Telmo faulo sita na Barasan moja. Kijana wa San Telmo akihema karibu na mtu, filimbi. Mtu wa Barasan akamkanyaga wa San Telmo kidole, Porferio akatazama bendera. Teryo alisimama, akaketi, akasimama tena, akamwita, "Kumpare, una macho mawili, tumia hata moja," na Porferio akamwonya kwa kidole mbele ya watu elfu moja, akiona fahari kweli kwa haki anayoitenda.

Hata hivyo hayo hayakuwa tatizo lake kubwa. Jonvic alikuwa na pointi ishirini na nne na anang'aa, na mtu wake wa kumkaba, kijana mwembamba wa Barasan mwenye masikio makubwa, alikuwa na ishirini na saba. Ilipokaribia mwisho wa robo ya tatu Jonvic alitupa mpira kutoka mbali, ukaingia, uwanja ukalipuka, naye akabaki pale mikono juu. Masikio alikuwa ameshafunga kule. San Telmo walikuwa nyuma kwa tano.

Teryo akaiona ile sheria yake imesimama mbele yake inamsubiri. Alijua vizuri angepoteza nini. Meya alikuwa kiti cha mbele, amevaa barongi, shati jeupe la sherehe, na pembeni yake Nestor, shemeji, tayari ana filimbi mfukoni. Teryo akamtazama Rodel mwisho wa benchi, akamwambia avue fulana ya juu.

"Jonvic, toka."

Jonvic alidhani ameitwa kunywa maji. Alipoelewa, alijifunika taulo kichwani, akakaa mwisho kabisa wa benchi. Jukwaa likaanza kumtukana Teryo kwa heshima, kwani nusu yao walikuwa makumpare wake: Ninong jamani, Ninong umelogwa, mrudishe mtoto. Rodel aliingia. Hakufunga kitu. Lakini Masikio alipomjia alimkuta amesimama, akamgonga, akamkuta tena, na pointi zake zikakoma kabisa.

Dakika nne zilipobaki Meya alinyanyuka, akavuka mstari, akamwinamia Teryo sikioni. Alinukia mafuta ya nywele.

"Kumpare, mtoto umemfunza, amejifunza. Mwingize."

"Akiwa tayari kukaba ataingia."

"Mimi ndiye nakuambia."

"Nimekusikia. Sheria uliipigia makofi, kumpare, nilikuona."

Meya akarudi kitini taratibu, na Nestor akajiweka sawa. Teryo aliogopa, na sitamsingizia ushujaa. Lakini vijana wake uwanjani walikuwa wanarudi. Watano wote. Wale wale wapishaji njia walikuwa wamemwona mtoto wa Meya ameketi, wakafikiri kama huyo ameketi, wao ni nani, wakaanza kukimbia kurudi kama wamefunguliwa mbwa. Ilipobaki dakika moja na nusu San Telmo walikuwa nyuma kwa moja tu, na wamechoka, na hakuna anayeweza kufunga.

Taulo mwisho wa benchi likaondoka kichwani.

"Nitakaba," Jonvic akasema.

Teryo akamwingiza. Jonvic akafunga mbili, kutoka pembeni, na hakuutazama mpira ukishuka. Akageuka, akarudi mbio. San Telmo wako mbele, sabini na moja kwa sabini. Zimebaki sekunde kumi na moja. Barasan wanaleta mpira, unafika kwa Masikio, Masikio anapita katikati na njia ni nyeupe, na Jonvic, ambaye maishani mwake hajawahi kumzuia mtu hata mlangoni, akatoka upande wa kushoto, akawahi, akajipanga mbele yake, kifua wazi, mikono juu. Waligongana kwa kishindo. Jonvic akaanguka chali, kichwa kikadunda, mpira ukatoka nje. Teryo alijikuta anapiga kelele bila maneno.

Filimbi ikalia. Porferio alisimama juu ya wale wawili, jasho likimdondoka, akanyoosha mkono kwa Jonvic. Faulo yake. Mitupo miwili kwa Barasan.

Masikio akaitia yote miwili. Sabini na mbili kwa sabini na moja, na muda ukaisha.

Usiniulize kelele zilizofuata. Chupa za maji ziliruka. Mama mmoja alimfuata Porferio na mwavuli, na ni mapacha wake waliomkinga, wamemzunguka baba yao chini ya kikapu, wanalia. Tumeibiwa, mji mzima ulisema kwa sauti moja, na Meya, ambaye dakika kumi nyuma alikuwa na kocha wa kumfukuza, akaona sasa ana kitu bora zaidi. Alichukua kipaza sauti cha mshereheshaji, akawaambia wananchi wamejionea wenyewe dhuluma hii, na kwamba asikilizwe mtu aliyecheza Manila misimu kumi na miwili na kazi yake ilikuwa ni hiihii. Akamvuta Teryo karibu, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Sema tumeibiwa. Neno moja tu. Nitakata rufaa mkoani, na timu ni yako mwakani na mwaka utakaofuata."

Teryo akakipokea kipaza sauti. Kumi katika filimbi za siku hiyo zilikuwa za ovyo kabisa, angeweza kuzitaja moja moja kwa dakika yake, na ingekuwa kweli tupu. Angesema tumeibiwa bila hata kusema uongo. Jonvic alikuwa ameketi sakafuni, anajishika kisogo, anamtazama. Huyu kijana alikuwa amefanya kitu kimoja sahihi baada ya miaka ishirini, na amekifanya vibaya, na kila mtu aliyempenda alikuwa anajiandaa kumwambia amekifanya vizuri.

"Porferio ameharibu sana leo," Teryo akasema, na uwanja ukaitikia kwa nguvu. "Hilo nitamwambia gerejini kwake. Lakini filimbi ya mwisho ilikuwa sahihi. Jonvic alichelewa. Miguu yake ilikuwa bado inasogea."

Meya alikichukua kipaza sauti mkononi mwa Teryo, akakizima, akakirudisha kwa mshereheshaji.

"Kesho funguo za stoo mpe Nestor," akasema bila kumwita kumpare, akaondoka na watu wake kwenda kwenye nguruwe.

Watu wakatawanyika wakimsonya. Baadhi yao hawakumwangalia, na hilo kwa kumpare ni tusi kubwa kuliko tusi lenyewe. Ludivina alishuka jukwaani, akasimama pembeni na mkoba wake. Teryo akaanza kukusanya mipira, maana hakuna mwingine aliyeikusanya. Alikuwa amekipata alichokitaka kwa muda wa robo moja ya mchezo, na sasa kilikuwa kimekwisha, na goti linamuuma.

Jonvic bado alikuwa palepale sakafuni.

"Mguu gani?" akauliza.

"Wa kushoto. Nusu hatua."

"Mimi sikuusikia ukisogea."

"Hausikiki. Ndiyo maana nilikuwa nakwambia uukite kabla hajafika, sijui mara ngapi."

Kijana akanyanyuka, akajipangusa, akaenda kuchukua mpira mmoja mikononi mwa Teryo. Vijana wengine watano au sita waliokuwa wanafungua viatu wakasimama kuangalia.

"Nionyeshe," akasema.

"Wiki tano nimekuonyesha."

"Sikuwa naangalia. Nionyeshe sasa. Kesho ni Nestor."

Ludivina akasema goti, Teryo. Teryo akamkabidhi filimbi na miwani. Akasimama mbele ya kikapu cha upande wa kanisani, akapinda magoti yote mawili, lile zima na lile bovu, akaikita miguu yake kwenye saruji, akainua mikono.

"Njoo kama ulivyojiwa. Ukipunguza mwendo nitajua."

Jonvic hakupunguza. Alikuja na uzito wake wote, akampiga katikati ya kifua, na mzee akaenda chini mzima mzima, mgongo, viwiko, kisogo. Aliona nyota mchana ule. Pumzi ilipomrudia alimkuta kijana amemwinamia, macho yamemtoka kwa hofu.

"Umeiona miguu?" Teryo akauliza kutoka pale chini.

"Hapana, Kocha. Nilikuwa naangalia kikapu."

Teryo alifumba macho. Alilala hapo kidogo juu ya saruji ya moto, amechoka na watu hawa wote, kisha akanyoosha mkono ainuliwe na kumwambia arudi mstarini.